Pétronille na Mikono ya Mama Emerance

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walisema vizuri, lakini huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa bibi harusi nyumbani kwa mama mkwe. Katika ukoo wa Germain, kando ya ziwa hapo Kalemie, mke mpya haulizi. Anaingia akiwa anajua. Akiuliza muhogo unaloweshwaje, hajajiaibisha yeye peke yake. Amemwaibisha mama aliyemzaa, maana ndiye aliyepaswa kumfundisha. Na wala hajibiwi. Watu wanatazamana tu, kisha kila mmoja anarudi kwenye kazi yake.

Pétronille hakuwa na mama wa kuaibisha. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa, naye akalelewa na masista wa Kirungu, juu huko kwenye milima ya Marungu. Walimlea vizuri, na mpaka leo hajasikika akiwasema kwa ubaya. Walimfundisha kusoma, kudarizi, kupanda viazi na maharagwe, na kuimba sauti ya pili bila kuyumba. Lakini kila aliyemlea hakuwa na mume, hakuwa na mkwe, na jikoni kulikuwa na mpishi ambaye hakutaka kuona msichana akikaribia sufuria zake. Muhogo aliujua kama kitu kitamu cha kutafuna kibichi ukiwa njiani kutoka shambani.

Germain alimkuta huko. Alikuwa fundi wa magari, akapanda Kirungu kutengeneza lori la viazi lililokuwa limekwama, naye akakaa huko muda mrefu kuliko lori lilivyohitaji. Hiyo ilikuwa miaka ya Zaire, majina ya Kikristo yamekatazwa kwenye karatasi za serikali, kwa hiyo kitambulisho cha Pétronille kilikuwa na jina la babu asiyemjua. Watu waliomjua waliendelea na Pétronille wao.

Siku ya kuondoka, masista walimpa zawadi ya mbuzi wawili wadogo, dume na jike, ambao mama yao naye alikuwa amekufa. Pétronille ndiye aliyewanyonyesha kwa chupa. Akashuka nao hadi Moba, akapanda nao boti, na watu wa Kalemie waliposhuka bandarini kumpokea bibi harusi walipokea mbuzi kwanza.

Mama Emerance, mama yake Germain, alikuwa mjane aliyeuza unga wa muhogo sokoni. Nyonga yake ya kushoto ilimsumbua, hivyo alitembea akiinama upande. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi ya hayo machache aliwapa mbuzi wake. Mbuzi mkubwa kuliko wote, jike mzee mwenye ndevu, zamani aliitwa Madamu. Serikali ilipoamuru watu waitane sitwayeni, yaani raia, badala ya bwana na madamu, Mama Emerance alimbadilisha mbuzi jina siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakutaka matatizo na mtu.

Sasa sikiliza desturi ya nyumba ile. Mke mpya anapika kwenye jiko la mama mkwe mpaka siku atakapopewa mafiga yake matatu. Siku hiyo lazima apike bugali wa muhogo alioumenya, kuulowesha, kuuanika na kuutwanga kwa mikono yake mwenyewe, na mkubwa wa ukoo awe wa kwanza kuula. Kabla ya hapo nyumba yake ni mahali pa kulala tu. Miezi ikipita bila mafiga, majirani huanza kuuliza, kwa upole kabisa, kama huyo ni mke au ni mgeni.

Na muhogo wa pale si muhogo wa Kirungu. Ni muhogo mchungu, una sumu ndani yake, na sumu hiyo haitoki mpaka muhogo ulale majini uvunde. Ukiutazama, ni mweupe na mzuri kama ule mtamu. Kila mtu nyumbani alilijua jambo hilo tangu angali mgongoni mwa mama yake, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kulisema. Juma la kwanza Pétronille aliokota kipande kibichi, akakipeleka mdomoni. Mama Emerance akamnyang'anya, akakitupa mbali, akaendelea kumenya. Hakusema kwa nini, na Pétronille hakuuliza.

Aliyemjibu ni yule mbuzi dume. Asubuhi moja Mama Emerance alikuwa amemenya muhogo mwingi nyuma ya nyumba, na maganda mabichi yamelala chunguni. Sitwayeni akapita na kundi lake, akayanusa, akaenda zake kwenye maganda ya siku za nyuma yaliyokwisha kukauka juani. Wote wakamfuata. Yule dume wa Kirungu peke yake akaingiza kichwa kwenye chungu, akala kama mtu aliyealikwa harusini. Kabla ya adhuhuri alikuwa anatetemeka. Germain aliporudi kutoka gereji, walikuwa wameshamzika.

Pétronille alilia sana, mpaka wifi yake Lucie, mdogo wa Germain, akaona anazidisha. Mbuzi ni mbuzi. Lakini Pétronille hakuwa akimlilia mbuzi tu. Alikuwa ameelewa. Wale wengine waliona mama zao wakipita chungu bila kukigusa, nao wakapita. Huyu hakuwa na mama wa kumtazama. Na katika ua ule kulikuwa na mwingine kama yeye, aliyekuwa karibu kupeleka kipande kile kile mdomoni, na ambaye siku moja angepaswa kupikia ukoo mzima.

Mama Emerance hakumfariji. Alikwenda akamkamata yule mbuzi jike aliyebaki, akamfunga shingo kwa shingo na Sitwayeni kwa kamba fupi.

"Asiye na mama, unamufunga na mwenye kujua," alimwambia mbuzi.

Siku za mwanzo yule mdogo alivuta huku, mzee akavuta kule, na Sitwayeni ndiye mwenye nguvu. Baadaye ikawa mdogo ananyoosha shingo kwenye jani, anamtazama mzee, akiona hajali, naye analiacha. Kamba ilipofunguliwa hakwenda popote. Alibaki ubavuni mwa Sitwayeni, akila anachokula na kuacha anachoacha.

Pétronille aliyaona yote hayo, naye akajifunga kamba. Yake haikuonekana, lakini ilikuwa fupi. Mama Emerance akienda kijitoni kulowesha muhogo, yumo nyuma yake. Akimenya, anamenya pembeni. Aliangalia jinsi kidole gumba kinavyotangulia kisu, jinsi mkia wa muhogo unavyokatwa na kutupwa, jinsi mawe yanavyowekwa juu ya kikapu ili maji yasikichukue. Aliangalia jinsi muhogo uliovunda unavyobanwa kwa vidole viwili na kunuswa, jinsi uzi wa katikati unavyovutwa, jinsi vipande vinavyotandazwa juu ya mwamba visigusane.

Aliangalia, akayachukua yote, na hapo ndipo watu walipopata cha kucheka. Mama Emerance aliinama upande kila alipotua kikapu kwa sababu ya nyonga yake. Pétronille, mwenye nyonga nzima kabisa, naye akaanza kuinama upande. Mama Emerance alikohoa kabla ya kuingia majini. Pétronille akakohoa. Mama Emerance, akitoa kikapu majini, alimega kipande cha muhogo akamtupia Sitwayeni. Pétronille akamega, akatupa.

"Mama, huyu ulimuzaa lini?" Lucie aliuliza siku moja. "Hata kiuno ni yako."

Mbuzi hana upumbavu huo. Yule mdogo hakuiga ndevu za Sitwayeni wala mwendo wake. Alichukua ya kumsaidia, mengine akaacha. Binadamu huchukua mzigo wote, mbegu pamoja na makapi. Lakini mtu asiyejua, atajuaje kipi ni kikohozi na kipi ni kazi? Heri abebe vyote.

Kisha likatokea jambo ambalo Pétronille hakuthubutu kulitaja. Mama Emerance, aliyekuwa akimenya nyuma ya nyumba kivulini, alihamisha kigoda chake akakileta uani mbele, mahali penye mwanga. Mikono yake, iliyojulikana sokoni kwa wepesi, ikaanza kwenda polepole. Lucie alinung'unika kwamba jua linawachoma bure.

"Ku nyuma sioni vizuri," Mama Emerance alijibu.

Macho yake yalikuwa mazima. Pétronille alijua, na kila alipopiga magoti kusali alimshukuru Mungu kwa ajili ya kigoda kile. Kumshukuru Mama mwenyewe hakuweza, maana kusema asante kungekuwa kukiri kwamba hakuja na kitu.

Siku ya mafiga ikapangwa. Papa Isidore, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Germain, angekuja kwa boti pamoja na mashangazi kutoka kijiji chao cha wavuvi, kusini mwa ziwa, na kurudi kwa boti hiyo hiyo. Lakini kabla ya siku hiyo habari zikaja kutoka Kongolo kwamba dada yake Mama Emerance ni mgonjwa sana. Mama Emerance akapanda treni. Alisema atarudi mapema. Hakuna aliyemlaumu kwa kuamini hivyo, lakini treni ya miaka ile ilikuwa inaondoka inapotaka na kufika inapoweza. Wageni walifika kabla yake.

Pétronille alikuwa amelowesha muhogo wake kama alivyoona. Tatizo lilikuwa hali ya hewa. Tangu aushushe majini mvua haikukoma, upepo wa baridi ukavuma kutoka ziwani, na maji ya kijito yakawa baridi mpaka vidole vinauma. Asubuhi waliyopanga kuanika, jua likatoka kali na safi. Papa Isidore alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha heshima, mashangazi kwenye mkeka, Lucie akizungukazunguka. Boti ilikuwa inarudi kesho yake jioni. Muhogo ukianikwa saa hiyo ungekauka, ungetwangwa, na bugali ungepikwa kabla ya wageni kuondoka.

Pétronille alileta kikapu, akakitua akiinama upande. Akabana muhogo kwa vidole viwili, ukabonyea. Akanusa, pua yake haikuwa na miaka ya kutosha kumwambia lolote. Akavuta uzi wa katikati. Ukatoka nusu, ukakatika. Kwa nje ulionekana sawa na muhogo wote aliowahi kuuona mikononi mwa Mama.

"Imeiva," Lucie alisema. "Anika haraka. Hii jua, kesho hatuijui."

Pétronille alimega kipande, akamtupia Sitwayeni, kwa kuwa ndivyo ilivyofanywa. Sitwayeni akanusa. Akainua mdomo wa juu, akakiacha. Yule wa Kirungu akaja, akanusa, akamtazama mzee, akageuka naye. Pétronille akatupa kipande kingine. Wakaondoka wote wawili.

"Wameshiba," Lucie alinong'ona. "Wewe, anika."

Alisimama pale mikono inadondosha maji. Akianika, kwa siku moja angekuwa mke mwenye jiko lake. Asipoanika, Papa Isidore angerudi na njaa ya bugali na habari ya kuwapa ukoo wote. Alimfikiria yule dume, jinsi alivyokula kwa furaha. Kisha akarudisha vipande vyote kikapuni, kimoja kimoja, akajitwika.

"Unapeleka wapi?" Papa Isidore aliuliza.

"Ku maji, Papa. Bado."

"Boti inaenda kesho."

"Ninajua, Papa."

Mzee aliinama atazame kikapu. "Nani alikufundisha kazi hii?"

Ndilo swali aliloliogopa tangu ashuke bandarini. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hakuna tusi baya kuliko hilo kwa binti aliyeolewa. Angeweza kusema mama yangu, na nani angekwenda Kirungu kupekua makaburi?

"Mama Emerance, Papa. Nilimuangalia. Sikuwa na mwingine wa kuangalia."

"Na Emerance hayuko. Nani amekuambia kama haijaiva?"

Pétronille akatazama chini. Ukweli ulikuwa mmoja tu.

"Mbuzi, Papa."

Shangazi mmoja alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Papa Isidore hakucheka. Walikula wali na samaki, chakula kizuri lakini si chakula cha mafiga, na kesho yake wakapanda boti bila mzee kugusia jambo lile. Germain aliwabebea mizigo hadi bandarini. Aliporudi alimwambia mkewe asilie, kisha akakaa karibu naye.

"Ngoja tu Mama arudi," Lucie alisema. Hata yeye hakuwa na uhakika kama hilo lilikuwa tisho au faraja.

Mama Emerance alirudi na furaha ya dada aliyepona. Lucie alimsimulia kila kitu kabla hajatua mzigo: wageni, jua, kikapu, mbuzi, wali. Mama Emerance alisikiliza mpaka mwisho. Hakuketi. Alielekea kijitoni akichechemea, na Pétronille nyuma yake, kama mtu anayefuata hukumu.

Pale majini aligeuka. "Ile siku, uzi wa ndani ulitoka muzima ao ulikatika?"

"Ulikatika, Mama."

Mama Emerance alikaa juu ya jiwe taratibu.

"Basi sumu ilikuwa bado mule," alisema. "Maji ikiwa baridi, muhogo inalala tu, haivundi. Inalainika kidogo ku juu, inakudanganya. Ile haukuiona kwangu, sababu tangu uje hatujapata baridi ya vile. Ungewapa ile bugali Isidore, na wamama wale, na Germain…" Hakumaliza. Alinawa uso kwa maji ya kijito. Kisha akauliza, "Lakini kupima na mbuzi, nani alikuonyesha?"

"Wewe, Mama. Kila mara unamumegea Sitwayeni kwanza."

Mama Emerance alimkodolea macho. Halafu akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, kicheko ambacho Pétronille hakuwahi kukisikia.

"Mimi nilikuwa ninamupa tu, mwanangu. Anaomba, ninamupa, aniache nifanye kazi. Miaka yote hii sikumuangalia kama anakula ao hakuli." Akafuta machozi. "Kumbe alikuwa ananiambia, na mimi sisikii. Leo umenifundisha, tena kwa kitu yangu mwenyewe."

Walirudi pamoja. Mama Emerance aliingia kwenye kibanda, akatoka na jiwe, akalibeba hadi mlangoni kwa Pétronille, akarudi kuchukua la pili, na alipomkataza Pétronille kumsaidia alimkataza kwa mkono tu. Lucie, aliyekuwa akichekecha unga, alisema kwamba Papa Isidore hajala bado.

"Isidore kazi yake ni kula. Atakula siku ingine," Mama Emerance alijibu. "Mafiga ni ya wanamuke."

Alipoweka la tatu, Pétronille alipiga magoti na kuyasema yote aliyoyafungia kifuani tangu kigoda kilipohama. Alisema asante kwa kipande alichonyang'anywa mdomoni. Alisema asante kwa mikono iliyokwenda polepole. Alisema alikuja mtupu, hakuna aliyemwonyesha lolote, na kwamba yeye, Mama Emerance, ndiye aliyemfanya mtu mwenye nyumba. Alilia huku anasema, na Mama Emerance alimwacha aseme.

"Nilijua tangu bandarini," alisema mwishowe. "Nilikuona unavyotuangalia. Lakini mwenye mafiga anaruhusiwa kuuliza. Tangu uje haujauliza kitu. Sasa uliza."

Pétronille alifikiri kidogo. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, hata Germain.

"Mama, mutoto wanamufunga namna gani ku mugongo?"

Chekecheo la Lucie likasimama. Macho ya Mama Emerance yalishuka polepole mpaka tumboni kwa mke wa mwanawe, yakakaa hapo, kisha yakajaa maji. Alifungua kitenge chake cha juu. Alitazama huku na huku, akauchukua mfuko mdogo wa unga uliokuwa miguuni mwa Lucie, akainama na nyonga yake mbaya mpaka mgongo ukalala sawa, akauweka mfuko juu yake.

"Kaa hapa mbele," alisema. "Angalia."

Na Pétronille, ambaye siku zote aliangalia akiwa pembeni, akaketi mbele yake kabisa.